Pazia Katikati ya Ndege

Ndugu msomaji, mimi nimewahi kulala kitandani angani. Usicheke. Najua wengi wetu tunaokutana kwenye kurasa hizi tunalijua zaidi godoro la sponji lililobonyea katikati, lakini ndivyo ilivyokuwa. Usiku mmoja wa Agosti 2018, juu ya jangwa la Sahara, mimi mtoto wa Embakasi, niliyezoea kusimama ndani ya matatu kutoka mjini mpaka nyumbani, nilibonyeza kitufe, kiti kikanyooka kama ubao, nikavuta blanketi nikalala fofofo.

Tangu siku ile nimejaribu mara nyingi kuiandika safari hiyo nikashindwa. Nikianza kwa majigambo naona haya. Nikianza kwa kujuta naona najipendekeza. Mwisho nikaamua kupita njia ndefu: nitafute kile kitanda kilitoka wapi, na lile pazia lililonitenga na wenzangu lilitundikwa na nani, na kwa sababu gani. Nimesoma nilichoweza kusoma. Haya ndiyo niliyoyapata. Lakini kwanza nikupe kisa chenyewe.

Nilikuwa nimealikwa Uholanzi kwenye warsha ya waandishi chipukizi. Tiketi walinikatia wenyeji, kiti cha nyuma kabisa karibu na choo, nami sikuwa na neno; cha kupewa hakichaguliwi. Kungojea kuabiri, nikajikuta nimeketi kando ya shosho mmoja aliyepita miaka sabini, kitambaa kichwani, sweta ya kufuma, kiondo mapajani. Alikuwa anakwenda Marekani kumwona binti yake aliyejifungua, na ndege ya pili angeipandia hukohuko Uholanzi. Hakuwa amewahi kupanda ndege maishani.

"Wewe umewahi?" akaniuliza.

"Mara moja, shosho. Mpaka Kisumu."

Akacheka. Tulilinganisha tiketi zetu, tukaona tuko safu moja. "Basi Mungu amenipa mjukuu wa safari," akasema.

Kisha akanyamaza akitazama nje ya kioo, kule taa za njia ya ndege zilikokuwa zikimetameta. Bila kunigeukia akasema, "Hii barabara ya ndege, baba yangu ni mmoja wa walioichimba."

Nilikaa wima. Mimi nimekua chini ya mngurumo wa ndege hizo na hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba uwanja ule ulichimbwa. Nilidhani viwanja vya ndege vipo tu, kama milima.

"Walimchukua mwaka ule wa Operesheni Anvil," akaendelea. "Nilikuwa mdogo, lakini shati alilokuwa amevaa nalikumbuka. Baadaye tukasikia yuko Embakasi anavunja mawe. Sasa siku moja mama akanishika mkono, akaniambia twende..."

Hapo ndipo jina langu lilipotajwa kwenye kipaza sauti.

Pale mezani dada mmoja akaniambia kwa tabasamu kwamba nyuma kumejaa kupita kiasi, kwa hiyo wananihamishia mbele, daraja la biashara, bila kulipa chochote. "Una bahati, kijana." Akanipa pasi mpya.

Sasa nikwambie ukweli, msomaji, maana bila huo insha hii haina faida. Sentensi nilikuwa nayo mdomoni: "Mpeni yule mama mzee." Maneno manne tu. Labda wangekubali, labda wangekataa. Sikuyasema. Nilirudi kuchukua mkoba wangu.

"Shosho, wamenihamisha kiti."

"Wamekupeleka wapi?"

"Mbele."

"Ni mbali?"

"Si mbali. Ni hapo tu. Nitakuja unimalizie hadithi."

"Haya, mwanangu. Nitakungoja."

Ni hapo tu! Ukihesabu kwa hatua, kutoka kiti chake mpaka changu hazikufika hamsini. Ukihesabu kwa miaka, hesabu ni nyingine.

Zamani ndani ya ndege hapakuwa na pazia, kwa kuwa hapakuwa na wa kufichwa. Februari 1931 shirika la Kiingereza la Imperial Airways lilianza safari ya kila wiki kutoka London mpaka Mwanza, kwenye Ziwa Viktoria. Naam, Mwanza! Mwaka uliofuata njia ikasogezwa mpaka Cape Town. Mwaka 1937 zikaletwa ndege kubwa za kutua majini, ghorofa mbili, injini nne, zikitoka Southampton mpaka Durban. Zilitua Kisumu ziwani, zikatua Mombasa, Dar es Salaam na Lindi baharini. Mchana zilichukua abiria wasiozidi 24. Palikuwa na chumba cha kuvutia sigara, na mahali pa kusimama ukatazama viboko wa Mto Nile kupitia dirishani.

Usidhani hao walikuwa "daraja la biashara". Walikuwa daraja la pekee. Magavana, maofisa, matajiri na wake zao. Usiku hawakulala hewani. Ndege ilitua, wakalala hotelini, asubuhi wakaendelea. Na hata hao walikuwa kama nyongeza, kwani mzigo uliothaminiwa zaidi ulikuwa barua za dola la Kiingereza. Mwafrika wa kawaida aliyeikaribia ndege ile alikuwa wa kubeba mizigo na kupakia mafuta. Pazia lilikuwepo, ila lilikuwa nje ya ndege, kwenye gati.

Kutenga watu kwa madaraja kulikuwa desturi ya meli na reli. Babu zetu waliopanda gari la moshi kutoka Mombasa wanajua: Mzungu daraja la kwanza, Mhindi la pili, Mwafrika la tatu. Ndege haikuwa na haja ya mpango huo. Bei ya tiketi ilitosha kuwa askari wa mlangoni.

Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya Comet ya shirika la BOAC iliondoka London kwenda Johannesburg, safari ya kwanza duniani ya ndege ya jeti yenye abiria wa kulipa. Ilipita Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, ikafika kwa muda usiotimia saa 24. Viti 36, daraja moja. Fikiria, jeti ya kwanza ya abiria duniani ilitua Entebbe kabla haijatua New York! Sisi tulikuwa njiani mwa historia, lakini kama kituo cha mafuta.

Ajabu ni kwamba siku moja kabla ya hapo, tarehe 1 Mei 1952, upande wa pili wa dunia jambo jingine lilikuwa limeanza. Mashirika yaliyokuwa yakivuka bahari ya Atlantiki yalikubaliana kuuza tiketi za bei nafuu, yakaziita za watalii. Ndege zilikuwa zimekuwa kubwa baada ya vita, na kiti kitupu hakilipi mshahara wa rubani. Kisha Aprili 1958 ikaja bei ya chini zaidi, daraja lile ambalo mpaka leo tunaliita la kawaida. Ndipo ndege ikagawanywa, mbele na nyuma. Wa mbele hakutaka kumwona wa nyuma, na wa nyuma alitakiwa aone kwamba mbele kupo.

Mwaka huohuo wa 1958, mwezi wa Machi, ulifunguliwa uwanja wa Embakasi. Hapa ndipo nilipoweka kitabu chini. Kumbe shosho hakuwa akinitungia ngano. Uwanja ule ulijengwa kwa jasho la wafungwa wa Mau Mau, wakati wa Hali ya Hatari. Operesheni Anvil ilifanyika Aprili 1954, jeshi likaizingira Nairobi na kuwazoa watu kwa maelfu. Na katika miaka iliyofuata, walioshikwa wakati wa vita vile walivunja mawe na kusawazisha ardhi pale ili jeti zipate mahali pa kutua. Vitabu vinasema hivyo. Visichosema ni shati alilovaa mtu mmoja, na yule mtoto aliyeshikwa mkono na mama yake aliona nini alipofika.

Miezi kumi na minane tu baada ya uwanja kufunguliwa, Septemba 1959, vijana 81 waliondoka Nairobi kwa ndege ya kukodi kwenda kusoma Marekani. Hiyo ndiyo safari ya Tom Mboya. Alikuwa amezunguka Marekani kuomba nafasi vyuoni na nauli, na watu mashuhuri kama Harry Belafonte, Jackie Robinson na Sidney Poitier wakatia sahihi barua za kuchangisha fedha. Mwaka uliofuata wakafuata wengine wengi, Wangari Maathai akiwa mmoja wao. Huwa napenda kuifikiria ndege ile ya kwanza. Vijana wa rika letu, wengi hawajawahi kukwea pipa, suti za kuazima, masanduku mapya. Wote nauli yao ilikuwa michango. Harambee ya wanakijiji hapa, mchango wa wageni kule. Kwa usiku mmoja mrefu, ndani ya ndege iliyojaa Waafrika, hapakuwa na mtu wa mbele wala wa nyuma.

Kisha tukapata zetu. Shirika la East African Airways lilianza kazi 1946 chini ya wakoloni; mwaka 1960 likapata Comet, na mwaka 1966, sasa likiwa mali ya nchi tatu huru, likapokea Super VC10, ndege ya madaha yenye injini nne mkiani. Wazee wa Nairobi, Dar na Kampala wakiitaja hiyo, macho yanang'aa. Lakini tuseme yote. Ndani ya VC10 yetu pia kulikuwa na daraja la kwanza. Pale alipokuwa akikaa ofisa wa kikoloni, sasa alikaa mkubwa wetu. Pazia halikuondolewa, lilibadilisha mikono.

Sasa tufike kwenye kile kitanda changu. Januari 1970 Pan Am iliirusha Boeing 747 na abiria, New York mpaka London. Dude lile lilibeba zaidi ya watu 300 kwa mpigo. Shida ikawa ileile: kujaza viti. Mashirika yakaanza kutoa punguzo la kila namna, nauli za makundi, nauli za kukata mapema. Mwisho, Septemba 1977, Mwingereza Freddie Laker akaanzisha Skytrain, London mpaka New York kwa pauni 59. Mwaka wa pili, Oktoba 1978, Marekani ikapitisha sheria ya kuacha mashirika yajipangie nauli ndani ya nchi yao, na vita vya bei vikapamba moto.

Hapo pakazuka malalamiko. Mfanyabiashara aliyekatiwa tiketi na kampuni yake jana jioni, kwa bei kamili, anakaa bega kwa bega na mwanafunzi aliyelipa sehemu ndogo ya bei hiyo. Chakula kilekile, mtoto yuleyule analia nyuma ya kichwa chake. Hakuwa tajiri wa kutosha kukaa daraja la kwanza, lakini hakukubali kuwa sawa na mwanafunzi. Akanung'unika. Mashirika yakamsikia, maana yeye husafiri kila mwezi na halipi kutoka mfukoni mwake.

Basi kati ya miaka hiyo ya mwisho ya 1970 likatengenezwa daraja la katikati. British Airways na Pan Am walilianzisha 1978, kila mmoja na jina lake; Qantas wa Australia wakafuata 1979. Mwanzoni halikuwa jambo kubwa. Viti vilevile au vinavyofanana, kinywaji cha bure, na pazia. Ndiyo, pazia lilitangulia kuja kabla ya kitanda! Kilichouzwa kwanza hakikuwa raha, kilikuwa kutengwa. Raha zilikuja baadaye, kwa mashirika kushindana: viti vikapanuka, miguu ikapata pa kuegemea, na mwaka 2000 British Airways wakaleta katika daraja hilo kitanda cha kunyooka kabisa. Wengine wakaiga. Daraja la kwanza lenyewe likaanza kufa katika mashirika mengi, la biashara likarithi kiti cha enzi.

Mwaka uleule wa 1977 aliporuka Laker, East African Airways ilikufa, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Wenzetu walipokuwa wakigawana abiria kwa mapazia, sisi tulikuwa tukigawana ndege kwa mipaka. Kenya Airways ilizaliwa Februari mwaka huo, Air Tanzania mwezi uliofuata. Kenya Airways ilipopokea Boeing 787 yake ya kwanza mwaka 2014, ilikuwa na viti 30 mbele na 204 nyuma. Mbele viti sita kwa safu, nyuma tisa. Na hao thelathini wa mbele si mapambo. Tiketi moja ya mbele yaweza kugharimu kama tatu au nne za nyuma, kwa hiyo wale wachache ndio wanaolipia sehemu kubwa ya mafuta.

Ndiyo maana pia nilipandishwa. Mashirika huuza tiketi kuzidi viti, kwa kuwa siku zote wapo wasiotokea. Siku wakitokea wote, ni rahisi kumsogeza mmoja mbele kuliko kumwacha uwanjani. Niliyoiita bahati ilikuwa hesabu ya mtu wa ofisini.

Usiku ule sikuyajua haya. Nilijua taulo la moto lililoletwa na koleo dogo, na menyu ya karatasi nzito, na mhudumu aliyepiga goti ili macho yake yawe sawa na yangu, akaniita kwa jina la baba yangu. Hakuna aliyewahi kuniita hivyo isipokuwa mwalimu akiwa na kiboko. Nilikula samaki kwa uma wa chuma na glasi ya kweli. Jirani yangu, mzee wa suti, aliniuliza niko katika biashara gani. Nikasema, "Uandishi." Akatikisa kichwa kwa heshima. Nikajisikia mtu.

Baada ya kula nikamkumbuka shosho. Nikasimama, nikaenda mpaka kwenye pazia. Lilikuwa kitambaa cha kawaida, rangi ya kijivu, kwa vifungo vya sumaku. Nililishika. Upande wa pili nilisikia mtoto akikohoa, na harufu ya chakula cha watu wengi. Mhudumu akaniuliza kwa upole, "Unahitaji kitu, bwana?"

Nikasema, "Hapana. Nanyoosha miguu tu."

Nikarudi. Sikiliza, msomaji: hakuna aliyenizuia. Hakuna sheria niliyosomewa. Pazia lile lilikuwa na miaka arobaini tangu libuniwe, na mimi nilikuwa nimekaa upande wake wa mbele kwa saa tatu, tayari nilikuwa nimejifunza kulitii. Nikabonyeza kitufe.

Asubuhi wa mbele tulishuka kwanza, kama ilivyo ada. Nilisimama mwisho wa ule ujia wa kutokea nikangoja. Walipita wengi. Mwishowe akaja yeye, akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu, viatu mkononi, miguu imevimba imejaa maji. Aliponiona uso ukamchangamka.

"Ulilala, mwanangu?"

"Nililala, shosho."

"Vizuri. Mimi nilikesha. Kiti chako walimpa msichana mmoja, mwanafunzi. Alinisugua miguu. Nikamwambia yote ya baba, mpaka mwisho. Alilia, maskini."

Nikataka kusema kitu. Lakini kijana wa kusukuma kiti alikuwa na haraka, ndege ya Marekani haingoji. Akamgeuza kona, nikaona kiondo tu, kisha sikukiona.

Kwenye warsha kulikuwa na zoezi la kusimulia hadithi ambayo ni wewe tu unayeijua. Nilikaa na karatasi tupu. Niliyokuwa nayo ilikuwa hadithi ya taulo la moto.

Sasa nimeyapata mengi vitabuni, miaka, nauli, idadi ya viti, nami nimekuandikia. Lakini mama yule alimwambia bintiye "twende", wakaenda, na walichokiona Embakasi mimi sikijui. Yuko anayekijua. Ulikuwa kiti cha nyuma karibu na choo, Agosti 2018, mahali pangu. Kama ni wewe, dada, na kama gazeti hili limekufikia mahali, tafadhali chukua kalamu uandike. Mhariri ameahidi kukuachia kurasa. Mimi nitakuwa msomaji wako wa kwanza.